Swali la lugha: "bora zaidi" au "bora kabisa"?

SWALI: Nasomea uhandisi wa umeme hapa Nairobi. Katika ripoti yangu niliandika kwamba programu "hutafuta mpango bora zaidi wa kuwasha mitambo ya kuzalisha umeme". Msimamizi wangu alikata "zaidi" akaandika "kabisa". Kuna tofauti gani?

JIBU: Ipo, na katika kazi yako ni kubwa.

"Zaidi" hulinganisha. Ukisema "mlima mrefu zaidi barani Afrika", neno "barani" limeshaweka mpaka, na kila mtu ameelewa. Ukisema "mpango bora zaidi" ukanyamaza, msomaji atauliza: kuliko upi? "Kabisa" nalo haliondoi shaka. Likifuata "chini" au "mwisho" hutufikisha ukingoni: chini kabisa, mwisho kabisa. Likifuata "bora", mara nyingi husifu tu. Husema "chai nzuri kabisa" hata mtu ambaye hajaonja chai zote.

Kama unamaanisha kwamba hakuna mpango unaoushinda, andika "bora kuliko yote". Lakini je, programu yako imethibitisha hivyo? Chukua mitambo 30, kila mmoja uwashwe au uzimwe. Kwa saa moja tu, michanganyiko inapita bilioni 1. Siku ina saa 24, nazo hutegemeana, kwa sababu mtambo mkubwa wa mvuke hauwashwi na kuzimwa ovyo. Upepo wa Turkana hubadilika, maji katika mabwawa ya Mto Tana yana kiasi chake, na umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika kila wakati. Mpango wa saa moja jioni ukikamilika saa sita usiku, hauna kazi tena.

Kwa hiyo programu yenye ufanisi hutupilia mbali mafungu mazima ya mipango bila kuikagua mmoja mmoja, kisha husimama ikishajua kwamba gharama haiwezi kushuka kwa zaidi ya, tuseme, asilimia 1. Ikisimama hapo, "kabisa" la msimamizi wako linadai kisichothibitishwa, na "zaidi" lako linahitaji mpaka. Ningeandika: "mpango bora zaidi kati ya iliyopatikana katika muda uliowekwa", halafu nitaje pengo hilo la asilimia 1 katika sentensi inayofuata. Na majaribio yako yakiwa ya mitambo mitano kwa saa moja tu, yaani michanganyiko 32, kagua yote, kisha uandike "bora kuliko yote" bila wasiwasi.