Jibu: Nilipie matangazo ya Instagram au nisubiri?

Ndugu, umeuliza kama ulipie matangazo wakati wafuasi wako ni wachache na wengi wakishauliza bei wanapotea. Usilipie bado. Tangazo litakuletea watu wengi zaidi wa kuuliza na kupotea.

Anza na hizo meseji za kuuliza bei. Weka bei kwenye posti yenyewe, pamoja na saizi, rangi zilizobaki na jinsi mzigo unavyomfikia mteja. Akilazimika kukufuata inbox kwa swali dogo, ukichelewa kidogo tu ameshahamia kwa mwingine. WhatsApp Business, iliyotoka 2018, ni ya bure: ina katalogi ya bidhaa, na majibu ya haraka unayoandika mara moja ukayatumia kila siku. Itumie, tafadhali!

Picha piga mchana karibu na dirisha, bidhaa ikiwa mkononi mwa mtu ili ukubwa wake uonekane. Kununua wafuasi achana nako kabisa. Akaunti zile hazinunui kitu.

Ukiona wanaouliza wameanza kununua, hapo lipia kidogo, na lengo la tangazo liwe kupata meseji, siyo laiki. Chagua posti ambayo tayari ilikuletea wateja bila kulipia.