Kwa afisa mipango miji anayeripoti kazini: kiwanja kisome kwa miguu kwanza

Wadogo zangu mnaotoka Chuo Kikuu Ardhi, Chuo cha Ardhi Tabora na hapa kwetu Dodoma, Chuo cha Mipango, karibuni. Najua mmeiva. Michoro ambayo sisi tulikesha nayo juu ya meza kwa kalamu na rula, ninyi mnaimaliza kwa kompyuta kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo sitawafundisha kuchora. Nataka kuwaeleza namna ombi la kibali cha ujenzi linavyopaswa kuangaliwa, na nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, katika halmashauri moja ya mikoa hii ya kati ambayo sitaitaja. Likaniangukia faili la nyumba ya vyumba vinne. Hati ilikuwepo, ramani zina mihuri, kodi ya pango la ardhi imelipwa. Ilikuwa Septemba, jua kali, vumbi. Nikaenda site, nikasimama kama dakika kumi. Pembeni mwa kiwanja ulipita ukanda wa mchanga mweupe, nikadhani ni njia ya ng'ombe. Nikaandika kwenye faili: "Eneo ni tambarare, halina kikwazo." Kibali kikatoka.

Januari nikaitwa. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa umelala chini wote. Mama mwenye nyumba alikuwa ametandika turubai juani na kuanika magunia mawili ya uwele uliolowa. Ulikuwa umeanza kuchipua, na harufu yake nikiikumbuka hadi leo naisikia. Alama ya maji kwenye ukuta uliobaki ilinifika kiunoni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulipokuja hukuliona korongo?" Nilikuwa nimesimama ndani yake.

Hii ndiyo sababu nasisitiza sana kwenda site. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine yote korongo linakaa limelala, watoto wanacheza mpira ndani yake, mafundi wanachota mchanga wa kujengea. Ukienda Agosti ukiwa umetoka Tanga au Kagera, huwezi kuamini kwamba hapo hupita maji ya kubeba ng'ombe. Angalia alama. Mchanga wa mtoni una chembe kubwa, hautifuki kama vumbi la njiani. Mizizi ya miti iko wazi upande mmoja. Mifuko na majani makavu yamenasa kwenye miiba kwa urefu mmoja, mstari mzima, na huo mstari ndio kimo cha maji ya mwaka jana. Udongo wa kingoni umekatwa wima kama umekatwa kwa panga. Ukiona viwili kati ya hivyo, usiandike neno "tambarare".

Halafu uliza. Salimia kwanza, "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, inafungua mlango kuliko kitambulisho chako, kisha mtafute mzee au bibi aliyekaa hapo kabla eneo halijapimwa. Usimuulize kama kuna mafuriko, atakujibu hapana, kwa sababu anajua neno hilo linaweza kumletea mtu wa kumhamisha. Muulize mvua kubwa ikinyesha watoto hupita wapi kwenda shule. Atakuonyesha kwa kidole, na kidole hicho weka kwenye mchoro wako.

Mtakutana na mwombaji atakayewaambia korongo si mto, kwa hiyo mita 60 za kingo za mto zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hazimhusu. Msibishane naye kwenye kaunta. Muiteni afisa mazingira, nendeni wote watatu, pimeni, andikeni mlichokiona na tarehe. Hata pale ambapo sheria inaacha nafasi ya mjadala, maji hayana mjadala.

Sasa faili linavyotembea, kwa kifupi, maana hili mtalizoea ndani ya mwezi mmoja. Ombi linaingia, siku hizi kwa njia ya Tausi, mfumo wa serikali wa mtandaoni, likiwa na ramani za jengo, uthibitisho wa umiliki na risiti. Wewe unaangalia kama matumizi yanayoombwa yanalingana na mchoro wa mipango miji wa eneo lile. Afisa ardhi anasoma masharti ya hati. Mpima anahakikisha bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, ziko pale zilipowekwa, na mwamini kuliko ukuta wa jirani. Mhandisi ana nguzo na nondo zake, afisa afya ana choo na karo, yaani shimo la maji machafu. Jengo la kukusanya watu wengi linapita Zimamoto, na kituo cha mafuta hakiendi popote bila cheti cha mazingira. Kiwanja kikigusa barabara kuu, kumbuka mita 30 za hifadhi kila upande kutoka katikati ya barabara. Wataalamu mnakaa pamoja, na yanayohitaji uamuzi wa madiwani yanakwenda kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira.

Maombi ya kibali cha nyumba ya kawaida hayatawasumbua sana. Yatakayowatoa jasho ni ya kubadili matumizi ya ardhi.

Mtu ana kiwanja cha makazi, anaona barabara imewekewa lami, anajenga fremu mbili mbele ya nyumba. Moja inakuwa duka la vinywaji, ya pili saluni. Baada ya mwaka duka linakuwa baa, na spika ziko nje. Wakati huo ndipo anapokuja kuomba kibadilishwe kiwe makazi na biashara. Mji wetu umekua kwa kasi tangu serikali ihamie, Nzuguni, Ilazo na Iyumbu zimejaa watu ndani ya miaka michache, na watu hao wanahitaji mkate, sabuni na kinyozi karibu na nyumbani. Kwa hiyo msiwe maadui wa fremu. Mama anayeuza nafaka mbele ya nyumba yake anasomesha watoto. Lakini kila ombi la namna hii liangalieni kwa macho ya mtu ambaye hayupo kwenye faili, yaani jirani.

Jirani haombi chochote, kwa hiyo hana fomu. Anayo haki ya kujua, na ndiyo maana mwombaji hutakiwa kutangaza kusudio lake ili mwenye pingamizi alilete. Tatizo ni kwamba tangazo la gazetini halimfikii mjane wa nyumba ya tatu ambaye hajawahi kununua gazeti. Mimi nilijiwekea utaratibu ambao hakuna aliyenilazimisha: kugonga geti la kila kiwanja kinachopakana, pamoja na wale wa ng'ambo ya barabara, nikiongozana na mjumbe au mtendaji wa mtaa. Nauliza maswali matatu. Magari yatasimama wapi? Kelele unaweza kuvumilia hadi saa ngapi? Maji machafu yanakwenda wapi?

Hilo la tatu ndilo wengi hulisahau. Sehemu kubwa ya mji wetu hutumia karo, haijaunganishwa na bomba la maji taka. Karo lililochimbwa kwa ajili ya familia ya watu sita halibebi nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili. Niliwahi kukuta mmiliki wa gesti anafungulia karo usiku wa mvua ili lichanganyike na maji ya barabarani. Majirani walikuwa wanajua, walikuwa wanasubiri mtu wa kuwauliza. Kwa hiyo kabla ya kusifia muonekano wa jengo kwenye ramani, funua mfuniko wa karo, tumbukiza fito, pima kina.

Mkishaona yote hayo, kuna kuandika, na hapa vijana wengi wenye akili huanguka. Nimesoma mamia ya mapendekezo yasemayo "Ombi halikidhi vigezo." Vigezo vipi? Mwombaji hawezi kurekebisha kitu asichoambiwa, wala hawezi kukata rufaa ya maana. Na diwani anayesoma kabrasha usiku kabla ya kikao hawezi kujua kama umekataa kwa kanuni au kwa chuki. Andikeni hivi: kiwanja kina upana wa mita 15, magari ya wateja yatasimama mbele ya geti la shule ya msingi, karo lililopo lilijengwa kwa ajili ya familia moja, majirani wanne kati ya sita wanapinga kwa sababu ya kelele za usiku, tunashauri duka likubaliwe na baa ikataliwe. Mtu akisoma hivyo, hata aliyekataliwa, anajua alipo. Anaweza kurudi na ombi jingine linalofaa.

Na msikubali kirahisi mambo mawili tu, ndiyo au hapana. Masharti ni sehemu ya uamuzi. Mnaweza kushauri ombi likubaliwe iwapo karo litapanuliwa kwanza, au iwapo ukuta wa mbele utarudishwa nyuma ili gari liingie. Ila sharti mtakaloliandika muwe tayari kwenda kulikagua, la sivyo mmemfundisha mwananchi kwamba maneno ya ofisi ni mapambo.

Kuhusu madiwani: nilipoanza niliwaona kama watu wa kunivurugia taaluma. Nilikosea. Kikao kimoja nilileta mpango wa barabara ya mtaa uliokuwa umekaa vizuri sana kwenye karatasi. Mheshimiwa mmoja, aliyekuwa fundi cherehani kabla ya udiwani, akanyoosha mkono na kuuliza, "Mtaalamu, hapo kwenye barabara yako pana makaburi ya ukoo, umeyaona?" Sikuwa nimeyaona, yalikuwa yamefunikwa na miba ya mkakaya. Tangu siku hiyo kabla ya kikao huwa napita kwa diwani na mwenyekiti wa mtaa, si kuwabembeleza, bali kusikia wanachokijua. Mkitofautiana nao, semeni msimamo wenu wa kitaalamu kwa heshima, na hakikisheni umeingia kwenye muhtasari kama mlivyousema. Wao wana mamlaka ya kuamua. Ninyi mna wajibu wa kuwaambia ukweli kabla hawajaamua.

Kwa Dodoma kuna jambo la pekee, faili lake lina umri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, mwaka huohuo ikaundwa CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mpango kabambe wa kwanza ukatoka 1976, ulioandaliwa na wataalamu kutoka Kanada. CDA ilivunjwa Mei 15, 2017, majukumu yake yakaenda Manispaa, na Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji. Kwa hiyo kiwanja kimoja kinaweza kuwa na mkataba wa pango wa miaka 33 wa enzi za CDA, barua ya Manispaa na stakabadhi ya Jiji, na vyote vitatu visielewane. Lisomeni faili kuanzia karatasi ya chini kabisa. Inachosha, lakini migogoro mingi niliyoikuta ilikuwa na jibu lake kwenye karatasi tatu za mwanzo ambazo hakuna aliyekuwa amezifunua kwa miaka.

Ule mpango wa 1976 uliacha maeneo mengi ya wazi kati ya makazi, na mipango iliyofuata nayo ikaweka ya kwake. Hayo ndiyo yatakayoombwa kuliko kitu kingine chochote. Ombi huja likiwa limevaa vizuri: zahanati, nyumba ya ibada, shule ya awali. Ni vigumu kukataa zahanati. Lakini ulizeni kwanza eneo lililotengwa kwa ajili ya zahanati limekwenda wapi, maana mara nyingi lilitengwa, likamegwa, na sasa uwanja wa watoto ndio unaoombwa kulipa deni hilo. Nendeni pale saa kumi na moja jioni, si asubuhi. Mkikuta timu mbili zinacheza na ya tatu inasubiri zamu, andikeni hilo pia.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: nauli ya kwenda site. Gari la ofisi halina mafuta, mwombaji anasema, "Afande, twende na langu." Msipande peke yenu. Mkishashuka kwenye gari lake mbele ya majirani wake, hakuna jirani atakayewaambia ukweli. Nilikwenda kwa bodaboda kwa pesa yangu mara nyingi, na mara nyingi nilitembea. Na mwombaji akisema ataacha "ya soda", mwambieni pale pale, kwa upole, mbele ya mwenzenu, kwamba malipo yote yanapitia namba ya malipo ya serikali.

Pia msichelewe. Faili likikaa mezani miezi mitatu bila jibu, fundi anaanza msingi Jumamosi jioni na Jumatatu mnakuta kozi sita za tofali. Baadaye mtakwenda kuandika X nyekundu ya kubomoa kwenye ukuta ambao, mngejibu mapema, ungejengwa mita mbili nyuma bila ugomvi. Nimeshika kopo la rangi nyekundu mkononi huku watoto wa nyumba ile wakinitazama. Jibuni mapema, hata kama jibu ni hapana.

Mkifika kazini Julai au Agosti kama wengi wenu, chagueni viwanja vitano mtakavyovishughulikia kabla ya mvua, viandikeni kwenye daftari lenu wenyewe na mlichoshauri. Desemba mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, vaeni gambuti, mrudi kwenye vyote vitano siku hiyohiyo kabla maji hayajakauka, mwone yalipita wapi.