Maswali yenu: masi ya shimo jeusi la kwasari hupimwaje?

Shimo jeusi halitoi mwanga. Sasa mnapima nini?

Tunapima gesi inayolizunguka. Kwasari ni kiini cha galaksi kinachong'aa sana kwa sababu ya gesi inayomezwa na shimo jeusi lililo katikati. Tazama mstari wa hidrojeni katika spektra ya kwasari, yaani mwanga wake uliotawanywa rangi kwa rangi. Maabarani ungekuwa mwembamba kama uzi. Hapa umetanuka ukawa kilima. Gesi inayotujia imesukuma mwanga wake upande wa buluu, inayotukimbia imeuvuta upande wa nyekundu. Upana wa kilima hicho ndio kasi, maelfu ya kilomita kwa sekunde. Zidisha kasi kwa kasi, kisha kwa umbali wa gesi kutoka katikati, na Newton anakupa masi. Angalia vizuri hiyo kasi mara kasi: ukiikadiria kasi juu mno kwa asilimia 20, masi yako imepanda kwa asilimia 44.

Umbali nao hupatikana kwa mwangwi. Mwanga wa katikati ukipanda, gesi huchelewa kuitikia, na siku za kuchelewa ndizo umbali wenyewe. Kwa kwasari 3C 273, ambayo mwanaastronomia Maarten Schmidt aliitambua mwaka 1963, tuna kipimo cha pili: mwaka 2018 chombo cha GRAVITY kule Chile, kinachounganisha darubini nne kubwa, kilionyesha mzunguko wa gesi hiyo bila kungoja mwangwi. Ikawa siku 150 za nuru kutoka katikati, na masi sawa na ya Jua mara milioni 300 hivi.

Shimo la kwasari TON 618 ni Jua bilioni 66 au bilioni 40? Kila mahali naona tofauti.

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara halisemi ni mstari gani uliotumika wala kosa la kipimo, yaani namba inaweza kupotoka juu au chini kwa kiasi gani. 66 ilitoka kwenye hidrojeni, 40 kwenye kaboni. Kila moja ilitokana na spektra moja tu, bila mwangwi. Kwa kwasari angavu na ya mbali hivyo, mwangwi huchukua miaka, na kutanuka kwa ulimwengu kunaurefusha zaidi. Basi umbali wa gesi hukadiriwa kutokana na mng'ao. Makadirio ya namna hii yanaweza kukosea mara tatu, juu au chini. Kwa hiyo namba hizo mbili hazigombani. Wanaokosea ni watungaji wa orodha za "shimo kubwa kuliko yote", wanaopanga nafasi ya kwanza na ya pili kwa namba walizozifutia kosa lake. Msizisambaze.

Niko mwaka wa mwisho chuoni. Kwasari zangu ziko mbali, nimebaki na mstari wa kaboni tu. Niutumie?

Kwa tahadhari kubwa. Gesi inayotoa mstari huo mara nyingi hupeperushwa na upepo unaotoka karibu na shimo. Ukiona kilele cha mstari kimehamia upande wa buluu, ujue upana wake si wa mzunguko peke yake, na masi utakayopata imevimba. Omba muda kwenye darubini ya infraredi (mwanga ulio nje ya nyekundu, usioonekana kwa macho) upate hidrojeni au magnesi. Ukikosa, taja sahihisho ulilotumia, na kosa liwe ndani ya jedwali, pembeni mwa kila namba.

Kwa nini msipige picha tu, kama ile ya 2019?

Ile ni ya shimo la galaksi ya M87, jirani yetu wa miaka ya nuru milioni 55. Kivuli cha shimo la kwasari ya mbali ni kidogo mno.

Shimo kama hilo litatumeza?

Hapana.

Shimo la kwasari J0313-1806 lina Jua bilioni 1.6, miaka milioni 670 tu baada ya Mlipuko Mkuu ulioanzisha ulimwengu. Si ushahidi kwamba Mlipuko haukutokea?

Umeruka hatua. Gawa kwa tatu kama nilivyosema juu: bado zaidi ya nusu bilioni, kwa hiyo fumbo lipo kweli. Lakini ni fumbo la mbegu na ulaji. Ama shimo lilizaliwa kubwa, ama lilikula kupita kikomo cha Eddington, pale ambapo mwanga wa gesi inayomezwa huanza kuisukuma nje gesi inayoingia. Na ulaji wa namna hiyo umeonekana: mwaka 2024 GRAVITY iliyoboreshwa ilipima kwasari ambayo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 11. Masi ilikuwa Jua milioni 320, nalo shimo linakula kupita kikomo mara kadhaa. Hapo umbali wa gesi ulipimwa, haukukisiwa kwa mng'ao.