Maswali na majibu: Safari ya Jeju, kisiwa cha upepo

Niliwahi kuandika mistari michache kuhusu Jeju, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Korea Kusini, nikidhani yameishia hapo. Kumbe nimechokoza nyuki. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia, na majibu ya mtu aliyekwenda mara mbili.

Nina pasi ya Tanzania. Nimeambiwa Jeju hawataki viza. Kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Umeambiwa nusu. Jeju ina utaratibu wake: mgeni anayetua pale moja kwa moja kutoka nje ya Korea anaweza kukaa hadi siku 30 bila viza, mradi nchi yake haimo kwenye orodha ya zilizoondolewa, na haruhusiwi kuvuka kwenda bara. Sasa tazama ramani. Hakuna ndege inayotoka kwetu ikashukia Jeju. Karibu kila anayetoka Afrika Mashariki anapitia Incheon, uwanja mkubwa wa ndege wa Seoul, na Incheon ni bara. Ukitaka kutoka nje ya uwanja ule ukapande ndege ya ndani, unatakiwa kuwa na viza ya Korea. Kaiombe ubalozini mapema; ubalozi wao upo Dar, na Nairobi pia upo. Wakala wa tiketi akikwambia "Jeju ni kuingia tu", mwombe akuandikie na asaini. Utaona atakavyogeuza maneno.

Kutoka Nairobi tunafikaje? (Wanandoa, Thika)

Ethiopian, Emirates na Qatar Airways zote zinafika Incheon, kila moja ikipitia kwao. Mtego uko mbele ya hapo: ndege nyingi za Jeju haziondokei Incheon, zinaondokea Gimpo, uwanja wa zamani wa Seoul. Treni ya AREX inaunganisha viwanja hivyo viwili, na safari yenyewe haifiki saa moja, ila ongeza foleni ya uhamiaji na kusubiri mabegi. Jiachieni saa tano kati ya kutua na kuruka tena. Kutoka Gimpo ni kama saa moja na dakika kumi angani, tena ni kati ya njia zenye abiria wengi kuliko zote duniani. Ikikuponyoka ndege moja, nyingine iko nyuma yake. Isipokuwa siku ya upepo.

Nina siku tatu tu. Zinatosha? Na niende mwezi gani? (Msomaji, Arusha)

Zinatosha kwa upande mmoja wa kisiwa. Jeju ni kikubwa kidogo kuliko Unguja, na atakayekwambia amekimaliza kwa siku tatu amekiona kupitia dirisha la gari.

Wakorea wanakiita Samdado, kisiwa chenye wingi wa vitu vitatu: upepo, mawe na wanawake. Upepo ndio utakaokupangia ratiba. Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Mwisho wa Juni na Julai ni mvua, Agosti na Septemba vimbunga vinaweza kupita, na baridi ya Januari si ya mchezo: mwaka 2016 theluji na upepo vilifunga uwanja wa ndege karibu siku mbili, makumi ya maelfu ya wasafiri wakakwama. Mimi safari yangu ya pili ndege zilifutwa mchana kutwa. Tulilala sakafuni, tumejifunika makoti, na mama mmoja akawa anapitisha machenza kutoka mfuko mmoja kwa watu asiowajua. Kwa hiyo ondoka Jeju siku moja nzima kabla ya ndege yako ya kurudi Afrika. Hilo ndilo neno langu kubwa kuliko yote humu.

Ukiwa mashambani, inama utazame kuta za mawe meusi ya volkeno. Hazina udongo wala saruji, na mwanga unapenya upande wa pili. Nilidhani fundi alikuwa mvivu. Mzee mmoja akanionyesha kwa viganja viwili, vidole vikiwa vimeachana: matundu ndiyo yanayopitisha upepo, ukuta ukabaki umesimama.

Siendeshi gari. Nitazunguka vipi? (Msomaji, Kampala)

Kwa basi, na utafurahi. Nunua kadi ya T-money kwenye duka lolote la saa 24, weka pesa, igonge unapopanda na uigonge tena unaposhuka. Konda hayupo, kwa hiyo hakuna wa kukusukuma wala wa kukukumbusha kituo. Basi namba 201 linafuata pwani ya mashariki hadi Seogwipo, mji wa kusini. 202 linafuata magharibi. 281 linakatiza katikati kupitia miguu ya mlima Hallasan. Nauli ya basi la kawaida haifiki dola moja.

Usitegemee Google Maps, kwa maelekezo ya njia imekuwa butu Korea. Pakua Naver Map kabla hujaondoka. Ukipotea kabisa piga 1330, simu ya msaada kwa watalii, wanasema Kiingereza.

Mimi Mwislamu. Kila nikisoma kuhusu Jeju naona nguruwe mweusi. Nitakula nini? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, nguruwe mweusi ndiye fahari yao, na hata tambi zao maarufu, gogi guksu, zimepikwa kwa mchuzi wake. Lakini umesahau kwamba uko kisiwani. Kuna jeonbokjuk, uji wa mchele uliopikwa na abaloni, konokono wa baharini mwenye gamba bapa. Unakuja wa moto, rangi kama ya manjano-kijani, na mtu wa pwani atauelewa kwa kijiko cha kwanza. Kuna galchi, samaki mrefu mwembamba kama mkanda wa fedha, wa kuchoma au wa mchuzi wa pilipili. Pweza tele.

Jifunze neno "dwaeji", ndilo nguruwe, na sentensi hii: "dwaejigogi an meogeoyo", yaani sili nguruwe. Angalia kimbap, wali uliokunjwa kwenye mwani, mara nyingi ndani yake kuna kipande cha pinki. Hicho sicho kamba wa baharini, ni nguruwe.

Nimepanda Kilimanjaro mara mbili. Hallasan itanishinda? (Msomaji, Moshi)

Mita 1,947! Najua unacheka. Kitakachokushinda ni saa. Njia za kufika kileleni ni mbili, Seongpanak, kilomita 9.6 kwenda tu, na Gwaneumsa, fupi kidogo lakini kali zaidi. Zote mbili zinahitaji kuweka nafasi mtandaoni kabla, na kwenye Seongpanak usipokipita kibanda cha Jindallaebat mnamo adhuhuri unarudishwa, uwe umepanda Everest au hujapanda. Anza alfajiri. Njiani hakuna duka, na taka zako unashuka nazo. Juu kuna kasoko lenye ziwa, Baengnokdam, ukungu ukikuruhusu kuliona. Ukikosa nafasi, nenda njia ya Yeongsil: haifiki kileleni, haihitaji kuweka nafasi, na mimi naipenda zaidi.

Wale wanawake wanaozamia bado wapo, au ni maonyesho ya watalii tu? (Msomaji, Zanzibar)

Vyote viwili. Haenyeo wanazamia bila mtungi wa hewa, wanachuma abaloni, konokono na mwani, na wengi wao sasa ni bibi wa zaidi ya miaka 60. UNESCO iliutambua utamaduni wao mwaka 2016. Pale Seongsan Ilchulbong, kilima cha kasoko chenye mita 182, huwa kuna maonyesho. Lakini wewe tembea pwani ya mashariki asubuhi, maji yakiwa shwari, utafute maboya ya rangi ya chungwa yanayoelea. Simama, sikiliza. Kichwa kinachomoza, halafu unakuja mluzi mwembamba, mrefu, kama wa ndege. Ni pumzi inatoka; wanauita sumbisori. Usiwapige picha karibu bila kuomba. Wapo kazini, kama wakulima wenu wa mwani wa Paje.

Makumbusho yao yapo Hado-ri. Nenda.

Umeme na pesa? (Msomaji, Kigoma)

Volti 220, soketi ya matundu mawili ya mviringo, kwa hiyo chaja yako ya pini tatu inataka adapta. Beba dola ubadilishe uwe na won. Shilingi yetu usiihangaishe. Kadi zinakubalika karibu kila mahali. Bakshishi hawatoi, na ukiiacha mezani watakukimbilia nayo mtaani wakidhani umesahau.

Nataka kumletea mwanangu jiwe la volkeno. (Baba, Dodoma)

Usiokote. Mawe ya asili ya Jeju yamekatazwa kutolewa kisiwani. Nunua dol hareubang, sanamu dogo la babu wa jiwe mwenye macho ya kutumbuka na mikono tumboni, yanauzwa kila kona. La kwangu ni la ukubwa wa ngumi, na linazuia mlango wa jikoni usijifunge.