Karavani inatikisa mkia: nimsikilize nani?

SWALI

Salaam, fundi. Nina karavani (trela la kulala safarini) ya Kiingereza ya mwaka 2009, ya ekseli moja, niliyoinunua kwa familia iliyokuwa inahama Kampala. Naivuta kwa Prado. Mwezi uliopita tulikwenda Ziwa Bunyonyi tukiwa magari matano, kila mtu na trela lake. Kwenda, ilitulia kama inalala. Kurudi mizigo ilikuwa ileile, isipokuwa gunia la viazi la Kabale na mikungu mitatu ya matooke tuliyonunua Mbarara, vyote tukaviweka nyuma kabisa ili visichafue zulia. Tulipopita Lukaya na kuingia Lwera, nikiwa kwenye kilomita 95 kwa saa, basi lilitupita na karavani ikaanza kwenda kushoto na kulia mpaka usukani ukanicheza mkononi. Mungu saidia, tulisimama salama.

Wenzangu wote wakasimama pia, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Wa kwanza: ongeza upepo wa matairi. Wa pili: nunua gari zito zaidi. Wa tatu: ikianza tena, kanyaga mafuta itanyooka. Wa nne: pakia mawe mbele. Tulipokuwa tunabishana nikagusa habu (kitovu cha gurudumu) ya kulia, ikawa moto na inanuka grisi. Na kule Bunyonyi friji ya gesi ilikuwa inazimikazimika. Nimfuate nani?

Msomaji, Ntinda, Kampala

JIBU

Ndugu yangu, jibu umeliandika mwenyewe, ukalificha baada ya neno "isipokuwa".

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme karavani yako na vyombo vyake ina kilo 1,300, na ulipotoka Ntinda kichwa chake kilikuwa kinaegemea boli la gari, ile tufe ya chuma ya kuvutia trela, kwa kilo 90. Huo ni kama asilimia 7 ya uzito wote, na kwa karavani za Ulaya tunataka kati ya 5 na 7. Ukafika Kabale, ukapakia gunia la kilo 100. Mbarara ukaongeza mikungu mitatu, tuiweke kilo 20 kila mmoja. Jumla kilo 160, zote zikakaa mita mbili nyuma ya ekseli. Kutoka ekseli hadi kwenye boli ni kama mita nne. Karavani ya ekseli moja ni bembea ya watoto: ukikalia upande huu, ule unanyanyuka. Kilo 160 mara mbili, gawanya kwa nne, ni kilo 80 zilizoondoka mbele. Kwenye boli zikabaki kilo 10 tu. Hapo gari lako lilikuwa halivuti karavani, lilikuwa limeishika kidole.

Basi likikupita kwa kasi husukuma hewa mbele yake. Hewa hiyo hupiga mkia wa karavani kwanza, kisha basi linapomaliza kupita, hewa inavuta upande wa pili. Pale Lwera hakuna mlima wala mti wa kukinga, ni bwawa kulia na kushoto. Karavani iliyopakiwa vizuri hutikisika mara moja au mbili ikatulia. Ya kwako ilipata mtikisiko mmoja ikauzidisha yenyewe, kwa sababu ya mkia mzito na mwendo. Kila karavani ina mwendo ambao ukiuvuka, mtikisiko hauzimiki tena, unakua. Ukiweka mzigo nyuma, mwendo huo unashuka. Huenda asubuhi ya kwenda mwendo huo wa mpaka ulikuwa mbali sana juu ya 95, na jioni ya kurudi ukawa chini yake.

Sasa wale washauri wanne. Nawapenda watu wa namna hii. Mtu anayesimamisha gari lake Lwera, jua kali, ili akupe ushauri mbovu, ni bora kuliko anayepita akipiga honi. Lakini ushauri ni mbovu, isipokuwa mmoja kwa nusu.

Wa upepo wa matairi ndiye mwenye nusu ya haki. Tairi laini hupinda ubavuni na kuongeza yumba. Pima asubuhi kabla ya kutembea, matairi yakiwa baridi, na fuata namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha karavani, si ya Prado. Halafu soma ubavu wa tairi: mwishoni mwa ile alama ya DOT kuna namba nne. 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za karavani hufa kwa uzee na jua kabla kashata (meno ya tairi) hazijaisha, maana mwaka mzima zimesimama uani. Zikipita miaka saba, mimi sizipandishi barabara ya Masaka hata zikionekana mpya.

Wa gari zito, mwambie Prado linatosha kwa kilo 1,460. Gari zito zaidi lingekuchelewesha kuliona kosa, basi.

Wa tatu ndiye wa kuogopa. Kukanyaga mafuta ni kuiongezea mwendo karavani ambayo shida yake ni mwendo. Ikianza kutikisa mkia, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usijaribu kuufuata mkia kushoto na kulia, maana utachelewa na utaongeza. Breki usikanyage kwa nguvu. Acha gari lipungue lenyewe. Ndivyo ulivyofanya, kwa kujua au kwa kuganda na hofu, na ndiyo sababu uko hai kuniandikia.

Wa mawe amenifurahisha kwa sababu amefikiri. Ni kweli mawe yangerudisha kilo kwenye boli. Lakini umewahi kumwona mtu aliyebeba mzegazega, ndoo huku na ndoo huku? Akitaka kugeuka, ndoo zinachelewa kugeuka. Akitaka kusimama, ndoo zinaendelea. Uzito uliokaa kwenye ncha mbili hukataa kuanza na hukataa kuacha. Viazi nyuma na mawe mbele ni mzegazega. Mizani itasema sawa, barabara itasema vingine. Tena ungepita kiasi cha uzito ambacho chesisi na matairi vimekubaliwa kubeba.

Kitu cha kufanya hakina gharama. Tafuta mizani ya kujipimia mwili, ile ya bafuni inayofika kilo 150. Simamisha karavani mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, pakia kila kitu kama unasafiri kweli. Simamisha kipande cha mbao juu ya mizani, teremsha kichwa cha karavani kikae juu ya mbao, na gurudumu dogo la mbele liinuke lisiguse chini. Soma. Ukipata kati ya kilo 70 na 90, na kitabu cha gari na maandishi kwenye kifaa cha kuvutia vinaruhusu, uko salama. Ikiwa ndogo, sogeza vitu. Usiongeze, sogeza. Vizito vyote (betri ya akiba, makopo, maji ya kunywa) vikae sakafuni juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Jerikani moja ya lita 20 ni kilo 20; sita zikipangwa chooni nyuma ni mtu mzima na nusu. Makabati ya juu yabebe nguo na mkate.

Angalia pia kimo cha boli. Karavani yako inataka boli liwe kati ya sentimita 35 na 42 kutoka chini, gari likiwa limepakiwa. Prado ni refu, na wengi hufunga boli juu mno, karavani inakwenda ikitazama mbinguni. Hiyo pekee inatosha kuipa mkia wasiwasi.

Na sasa swali langu kwako: kichwa cha karavani yako kina mkono mmoja au miwili? Ikiwa ni miwili, ule wa pili hubana boli kwa vipande vya msuguano ili kupunguza yumba. Vipande hivyo vinataka boli kavu, lililosuguliwa kwa msasa, bila hata tone la grisi wala rangi. Karibu kila karavani ya namna hiyo inayoletwa kwangu Jinja, boli limepakwa grisi na fundi mwenye nia njema. Safisha boli, na vipande vikishakunywa grisi vibadilishwe. Ila kifaa hicho ni cha kutuliza karavani iliyopakiwa vizuri. Hakiwezi kubeba makosa ya viazi.

Tuje kwenye habu, ambayo usiku huo ingeweza kukuletea balaa kubwa kuliko mkia.

Usifungue chochote kwanza. Tembea kilomita chache bila kutumia breki sana, simama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu. Moja likiwa moto na mwenzake vuguvugu, inua upande huo. Jeki ikae pale ekseli inapofungwa kwenye chesisi, kamwe si chini ya sakafu, na ile miguu minne ya pembeni si ya kuinulia. Ni ya kutuliza tu. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likikwama kidogo au kusugua, breki haijaachia. Hii ndiyo naishuku zaidi, kwa kuwa huenda karavani ilisimama muda mrefu kabla hujainunua. Mtu akiiegesha miezi na breki ya mkono imevutwa, viatu vya breki hung'ang'ania na waya hushika kutu. Ukiegesha nyumbani weka vizuizi, achia breki.

Likizunguka kwa uhuru lakini linanguruma kama mashine ya kusaga, ni beringi. Hapa ndipo watu huharibu. Trela za zamani, na nyingi zinazochomelewa na mafundi wa Katwe, Kampala, zina beringi za kufungua, kuosha, kujaza grisi na kurudisha kila mwaka. Karavani ya Kiingereza ya 2009 kwa kawaida ina beringi iliyofungwa moja kwa moja ndani ya habu. Haijazwi grisi. Ikiharibika inabadilishwa. Kwenye ekseli za kampuni ya AL-KO nati yake hutumika mara moja tu na hukazwa kwa Nm (nyutoni mita) 290, nguvu ambayo hutaipata kwa spana ya kawaida na bomba la kurefusha. Fundi akichukua nyundo na patasi kuifungua, mshike mkono kwa upole. Harufu ya grisi uliyoisikia inaniambia muhuri umechemka au mtu alishatia grisi mahali pasipotakiwa. Usiende nayo mbali kabla haijatazamwa.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa aibu. Safari ya kwanza na trela langu, kuelekea Sipi, nilibadilisha gurudumu na sikurudia kukaza baada ya kilomita hamsini. Karibu na Mbale mwenzangu aliyekuwa nyuma akaniwashia taa mfululizo. Boliti mbili zilikuwa zimeanguka, ya tatu naizungusha kwa vidole. Alikuwa ndiyo kwanza tumejuana asubuhi ile, tukila roleksi (chapati iliyokunjwa na mayai) kando ya barabara. Alitoa boliti moja katika kila gurudumu lake akanipa. Tangu hapo nikisafiri na wengine sikubali gari la mwisho liwe na dereva anayesinzia. Wa mwisho ndiye macho ya wote. Na kila mnaposimama, zunguka trela la mwenzako yeye azunguke lako. Lako mwenyewe umeshalizoea, hulioni.

Friji haina ugonjwa. Bunyonyi iko mita 1,962 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moto mdogo wa gesi unakosa pumzi. Huanza kusumbua ukipita kama mita 1,700. Ukifika kambini tumia umeme wa 240, na hakikisha karavani imekaa sawa, kwa sababu friji ya namna hii haina pampu. Ikiinama, dawa ndani hazitiririki na hata kwenye umeme haitapoza.

Safari ijayo viazi mtanunua tu, hilo najua, na mama watoto asilaumiwe. Lile gunia lifungueni palepale sokoni Kabale, mligawe kwenye magari matano. Kilo ishirini kila mmoja, ndani ya gari lenyewe, nyuma ya kiti cha dereva. Matooke hivyohivyo. Mtarudishiana Kampala. Na fungu la kwanza mpe yule wa mawe, maana mbele kwake kumbe kuna nafasi.