Barua kwa mwanangu: supu ya mboga kwa mwenye kisukari

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unataka kujua supu ya mboga ya mwenye kisukari inapikwaje, sasa kwa kuwa mkwe wangu amegundulika na kisukari cha aina ya pili, na hasa unauliza kama karoti amekatazwa, maana kila mtu anakuambia lake. Umenidokeza pia kwamba tangu apate majibu, jioni unampa mchuzi mtupu wa kabichi, na akishaunywa hali kitu kingine. Hilo la mwisho limenitia hofu, kwa hiyo naanza nalo.

Mchuzi mtupu si mlo, mwanangu. Kama ameandikiwa insulini (kichocheo kinachoshusha sukari ya damu), au vidonge vya kuisukuma kongosho itoe insulini, kama glibenklamidi au gliklazidi, dawa hiyo inafanya kazi yake awe amekula au hajala. Tumboni kukiwa na maji ya kabichi tu, sukari ya damu inaweza kushuka chini ya 3.9 kwa mashine zinazosoma mmol/L (au 70, kwa zinazosoma mg/dL). Utamwona anatetemeka, kijasho chembamba kinamtoka, moyo unamwenda mbio, maneno yanamchanganya. Ikitokea hivyo, mpe sukari vijiko vitatu au vinne vya chai, ikorogwe kwenye maji, subiri dakika 15, kisha mpime tena. Akiwa hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kwa hiyo supu unayompikia iwe chakula kamili. Mboga zijae sufuria, kiwemo chakula chenye protini, na wanga uwe kidogo unaojulikana kiasi chake. Ndiyo hesabu ile ile ya sahani: nusu mboga, robo protini, robo wanga.

Sasa karoti. Ale. Watu wanaiogopa kwa sababu ni tamu mdomoni, lakini gramu 100 za karoti zina wanga wa gramu 10 hivi, wakati kiazi cha kuchemsha cha uzito huo kina kama gramu 20. Karoti moja au mbili kwenye sufuria ya watu wanne hazimdhuru mtu. Cha kuhesabu ni viazi, mahindi na njegere. Navyo havikatazwi, ila ujue hivyo ndivyo wanga wake wa mlo huo. Ukitia kiazi ndani ya supu, usimwekee mkate pembeni. Kabichi, koliflawa, pilipili hoho, bilinganya, uyoga, bamia, nyanya na majani ya kijani tia bila kupima.

Protini napenda itoke kwenye dengu. Nusu kikombe cha dengu zilizoiva kina wanga wa gramu 20 hivi, kwa hiyo usizichukulie kama majani, lakini humo mna nyuzinyuzi karibu gramu 8 na protini karibu gramu 9. Nyuzinyuzi zinachelewesha sukari kuingia kwenye damu, inapanda polepole badala ya kuruka. Mkichoka na dengu, weka kuku asiye na ngozi, samaki au yai.

Ladha ndiyo kazi yenyewe, nayo huanzia kwenye kitunguu. Chukua kijiko kimoja au viwili vya chakula vya mafuta ya mimea kwa sufuria nzima, moto uwe wa wastani, tia vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo. Usiondoke hapo. Vitalainika, vitang'aa, kisha kingo zitaanza kupata rangi ya dhahabu na harufu itageuka kutoka ukali kuwa utamu. Hapo ndipo utie kitunguu saumu, tangawizi na binzari nyembamba, ugeuze kidogo tu visiungue. Halafu nyanya. Ziache ziive mpaka zivunjike zote na mafuta yaanze kujitenga pembeni, maana nyanya zilizowahiwa maji huacha supu na ukakasi. Kisha dengu zilizooshwa, karoti na maji. Dengu zikikaribia kulainika, tia kabichi na koliflawa. Majani ya kijani yasubiri dakika tatu za mwisho, yabaki na rangi yake.

Ukitaka supu nzito, usikoroge unga wa ngano wala wanga wa mahindi. Wengi wanakosea hapo: mboga zote nzuri, halafu mwishoni wanaingiza wanga mtupu ambao hata hauonekani. Wewe teka pawa mbili za dengu na koliflawa zilizoiva, ziponde kwa mwiko, zirudishe sufuriani. Zingine ziache vipande, atafune. Anayetafuna hula taratibu na hushiba mapema.

Chumvi iangalie sana, kwa sababu kisukari na shinikizo la damu hupenda kuandamana. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na hapo imo hata ya mkate na ya vyakula vya makopo. Vile vidonge vya kutia ladha ya supu vimejaa chumvi, achana navyo. Maharage ya kopo yasuuze kwanza. Mwisho, supu ikishatoka motoni, kamulia limau na nyunyiza pilipili manga. Uchachu unauchangamsha ulimi hata asitafute chumvi.

Kuna jambo moja sitaki ulibahatishe: figo zake. Muulizeni daktari majibu yake yakoje. Kama figo zimedhoofika, huenda akapunguziwa potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula, na spinachi, nyanya na dengu zinayo nyingi. Hapo supu hii itabidi ibadilishwe kwa ushauri wa mtaalamu wa lishe. Chumvi mbadala za dukani nazo mara nyingi ni potasiamu, usimnunulie bila kuuliza.

Na anayekuambia supu fulani inaondoa kisukari, msikilize kwa heshima kisha umpe mwenzio dawa zake kama kawaida. Kipimo ndicho kitakachowaambia supu yenu inamfaaje. Apime kabla ya kula, kisha saa mbili tangu aanze kula. Wengi huambiwa wasivuke 10.0, yaani 180 kwa mg/dL, ila kikomo chake ni kile alichopewa na daktari wake. Muandike namba zote mbili pamoja na mlichotia sufuriani. Ikipanda sana, safari nyingine punguzeni kiazi au dengu, mboga zibaki palepale.

Pika nyingi, nawe uile hiyo hiyo pamoja naye, asijione amepikiwa chakula cha mgonjwa. Inayobaki igawe kwenye vyombo vifupi ipoe upesi, iingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, na mle ndani ya siku tatu au nne. Kila mkipasha, ichemke hasa.

Msalimie sana mkwe wangu, na leo usiku asilale na maji ya kabichi.

Mama yako