Maswali Yenu: Ukibonyeza "Kubali" unakuwa umekubali nini?

Safari hii maswali mengi yaliyokuja ni ya simu na mtandao, na mimi nimefurahi kwa sababu hili jambo linanikera siku nyingi. Tunabonyeza "Kubali" kwenye tovuti na aplikesheni kutwa nzima kwa vile ile batani ya kukataa imefichwa au haipo kabisa, halafu baadae tunaambiwa si ulikubali mwenyewe. Mimi siiti hiyo ruhusa. Nimechagua barua nne, mbili za Moshi na mbili za Arusha.

Dada, habari za kazi. Mimi ni fundi nguo hapa Majengo, Moshi. Niliingia kwenye tovuti moja kuangalia bei ya cherehani ya kudarizi, sikununua, nikafunga. Tangu hapo nikifungua habari ni cherehani, nikifungua mapishi cherehani, mpaka kwenye matokeo ya mpira anayoangalia mwanangu kwa simu yangu, cherehani ile ile. Mwanangu anasema simu inatusikiliza tukiongea. Ni kweli? Na mimi nakumbuka nilibonyeza Kubali, ndo nilikubali haya?
*Mama Cherehani, Majengo*

Shikamoo mama. Nianze na hilo la kusikilizwa maana wengi wanaliamini. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern kule Marekani walipima aplikesheni zaidi ya 17,000 za Android, hawakukuta hata moja inayowasha maiki kimya kimya na kutuma maongezi ya watu. Walichokuta ni baadhi zinarekodi skrini na kuituma kwa makampuni mengine, nayo ni mbaya vilevile. Lakini kwako wewe mama hakukuwa na haja ya kukusikiliza, ulishawaambia mwenyewe kwa kidole pale ulipofungua ukurasa wa cherehani.

Iko hivi. Tovuti ikifunguka inaacha kifaili kidogo kwenye simu yako kinaitwa kuki, kwenye simu ya Kiswahili utakuta wameandika vidakuzi. Ni kama kile kikaratasi cha namba unachompa mteja akiacha kitambaa, akirudi nacho unajua hiki ni cha nani na vipimo vyake viko wapi. Kuki zilianza 1994, alizitengeneza Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya programu ya kufungulia tovuti, shida yao ilikuwa duka la mtandaoni likumbuke mteja ameweka nini kwenye kapu lake. Hapo hakuna ubaya wowote, bila kuki ungekuwa unaandika neno la siri kila ukigusa ukurasa.

Tatizo ni kuki za watu wengine. Ile tovuti ya cherehani imeweka ndani yake kipande cha programu cha kampuni ya matangazo, na kampuni hiyo hiyo imeweka kipande chake kwenye tovuti ya habari, ya mapishi na ya mpira. Kwa hiyo wewe unafikiri umeingia sehemu nne tofauti kumbe kote alikuwepo mtu mmoja anasoma namba ile ile ya kuki yako, anajua aliyetazama cherehani saa tatu ndo huyu anapika wali wa nazi saa tano. Ukurasa ukiwa bado unafunguka, nafasi ya tangazo inanadiwa, makampuni yanapandiana bei kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, anayeshinda anakuwekea cherehani. Na hivyo vipande vyote vinashuka kwa bando lako mama, wewe ndo unalipia kufuatiliwa.

Kuhusu Kubali. Ndio, kwa hesabu zao ulikubali, lakini angalia walivyokuuliza: Kubali ina rangi na imejaa skrini nusu, kukataa mpaka uguse "mipangilio", ufungue orodha ya makampuni yasiyohesabika, uzime moja moja. Mtu ana nguo ya harusi ya kumaliza jioni anapata wapi huo muda? Ufaransa hili lilishahukumiwa, mamlaka yao ya faragha iliwapiga Google faini ya yuro milioni 150 na Facebook yuro milioni 60, ikatangazwa Januari 2022, kosa lenyewe ni kwamba kukubali ilikuwa mguso mmoja na kukataa ilikuwa miguso kadhaa. Hapo ndo ninaposimama mimi pia.

Fanya hivi leo. Fungua Chrome, gusa vitone vitatu juu, ingia Mipangilio, halafu Mipangilio ya tovuti, tafuta pale pa vidakuzi, chagua kuzuia vya watu wengine. Halafu rudi kwenye mipangilio ya simu yenyewe, ingia Google, tafuta Matangazo, futa ile namba ya utambulisho ya matangazo. Matangazo yataendelea kuja, ila hayatakuandama kama mwanzo. Anayetumia Firefox au Safari ya iPhone nyingi za kuki hizi zinazuiwa zenyewe bila kugusa kitu.

Kaka au dada, sisi ni kampuni ndogo ya safari na kupanda mlima, ofisi iko Sakina, Arusha. Mgeni wa Ujerumani katuandikia kwa ukali kidogo, anasema tovuti yetu imeanza kumfuatilia kabla hajabonyeza chochote kwenye kile kibao cha kuki kinachotokea kuuliza Kubali. Kijana aliyetutengenezea tovuti anasema kibao kipo, basi yatosha. Na kwani sheria za Ulaya zinatuhusu nini sisi tulioko Arusha?
*Mtu wa Safari, Sakina*

Zinawahusu, kaka. Ile sheria ya Ulaya ya kulinda data, GDPR, ilianza kutumika Mei 25, 2018 na haiangalii ofisi yako iko wapi tu, inaangalia pia unamuuzia nani. Kama tovuti ina ukurasa wa Kijerumani na bei za yuro, unawalenga watu walioko Ulaya, huwezi kusema huwajui.

Na mgeni wako huenda yuko sahihi, mhakikishe mwenyewe wala usibishane nae. Chukua kompyuta, fungua Chrome kwenye dirisha la faragha, ingia kwenye tovuti yenu, kibao kikitokea usiguse kitu. Bonyeza F12, nenda sehemu iliyoandikwa Application, upande wa kushoto fungua Cookies. Ukiona _ga pale, hiyo ni ya takwimu za Google, ukiona _fbp hiyo ni ya Facebook. Zikiwa zimeshakaa kabla hujajibu basi kibao chenu ni pambo, kinauliza ruhusa ya kitu kilichokwisha fanyika. Mwambie kijana avifunge hivyo vipande vya Google na Facebook visiwake mpaka mtu akubali, na batani ya kukataa aiweke pembeni ya Kubali kwa ukubwa ule ule. Na asiweke tiki mapema kwenye kiboksi, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishasema Oktoba 1, 2019, kwenye kesi ya kampuni ya Kijerumani ya Planet49, kwamba kiboksi kilichokutwa kimeshawekwa tiki sio ridhaa.

Sasa mimi nina kubwa zaidi ya kuki la kuwaambia nyie watu wa utalii, na nalisema kwa uchungu. Mgeni wa Kilimanjaro anawajazia fomu ya afya, presha, pumu, dawa anazomeza, upasuaji aliofanyiwa, na anawatumia picha ya pasipoti. Halafu fomu hiyo inapigwa picha na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp lenye madereva, wapishi, na watu walioacha kazi msimu uliopita. Kiongozi wa msafara lazima ajue mgeni ana pumu, anamlinda huko juu. Dereva wa kumchukua uwanja wa KIA anahitaji jina na saa ya ndege basi. Hapa hata usiende Ulaya, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti zinazotaka ulinzi wa ziada. Sheria hiyo inakutaka ujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama mkusanyaji wa taarifa, udogo wa kampuni usiwe sababu ya kukaa kimya, uliza Tume. Na safari ikiisha, zile pasipoti zilizobaki kwenye simu za watu zifutwe.

Mambo dada. Nikifungua lile dirisha la siri la Chrome, wifi ya hosteli na tovuti ninazoingia zinaniona?
*Mwanafunzi, Moshi*

Poa mdogo wangu. Wanakuona. Dirisha lile linafuta historia na kuki kwenye simu yako ukishalifunga, yaani linakuficha na anayeshika simu yako baada yako. Tovuti inakuona umeingia, ukijisajili kwa akaunti yako ndo kabisa, na mwenye wifi anaweza kuona umetembelea tovuti gani. Marekani watu waliishtaki Google kwa hilo mwaka 2020, na 2024 Google ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za watu waliodhani hawaonekani.

Dada naomba unisaidie nimechoka. Niko Ngarenaro. Nilikopa elfu hamsini kwenye aplikesheni ya mkopo, nilitumiwa linki na rafiki. Ilisema ruhusu majina ya simu, nikaruhusu maana bila hivyo haiendelei. Nimechelewa kulipa, wakawatumia meseji mjomba, mwenye nyumba, mpaka mwalimu wa mtoto kwamba mimi ni tapeli. Nimeifuta lakini meseji haziishi. Je ni kweli niliruhusu mwenyewe?
*Dada wa Ngarenaro*

Pole sana mdogo wangu, na usijilaumu. Deni ni deni, utalipa, lakini deni halimpi mtu haki ya kukudhalilisha kwa mwalimu wa mtoto wako. Ukiambiwa bila majina ya simu hupati mkopo, na wewe mtoto anaumwa au kodi imefika, hapo umebanwa, hujaridhia. Na mjomba wako je, yeye nani alimuuliza kabla ya kuchukua namba yake?

Meseji haziishi kwa sababu kufuta aplikesheni hakufuti orodha waliyokwisha ibeba. Angalia pia hiyo linki: Google ilizipiga marufuku aplikesheni za mikopo binafsi kwenye Play Store kugusa majina na picha za mtu kuanzia Mei 31, 2023, kwa hiyo nyingi za namna hii zinapita njia za pembeni, unatumiwa faili kwa WhatsApp. Na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Tazama kama yako imo.

Usifute meseji hata moja. Waombe mjomba, mwenye nyumba na mwalimu wapige picha za skrini, namba iliyotuma ionekane na tarehe, wakutumie. Andika siku uliyokopa, kiasi ulichopokea mkononi na kiasi wanachodai. Peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ya 2022 inakupa haki ya kulalamika na hata kudai fidia kama umeumizwa, na wakikutishia nenda kituo cha polisi ufungue taarifa upewe RB. Kama wanakupigia ulipe kwenye namba ya mtu binafsi usitume hela kabla hujapata maandishi ya deni lote, na risiti ya kila malipo itunze.

Halafu watumie wote waliomo kwenye simu yako meseji moja fupi, kwamba namba zao zimechukuliwa na wakopeshaji, wasijibu wala wasitume pesa kwa mtu yeyote kwa jina lako. Mwalimu mwendee mwenyewe umwambie uso kwa uso. Ukishapata namba ya malalamiko kutoka Tume niandikie tena, nitataka kujua wamekujibu nini.